Shangazi, Nimeachana na Mbio

Barua ya kwanza wiki hii imetoka Sinza, na mwandishi wake amejiita "Mtalaka wa Mbio". Mwezi wa kwanza alijiunga na kikundi cha mchakamchaka cha mtaani, akanunua fulana na raba. Kufika Machi goti limevimba, raba anavaa mdogo wake akienda gengeni. Sasa anatamani kutembea tu, ila anaona haya: watu hawatasema amezeeka?

Shangazi anaitikia shikamoo yake kwanza, kisha anamtoa wasiwasi. Kila mguu wa mkimbiaji unapotua hupokea kishindo cha mara 2 hadi 3 ya uzito wa mwili wake. Wa mtembeaji hupokea kinachozidi uzito huo kidogo tu. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani, Paul Williams na Paul Thompson, walitoa matokeo ya kuwafuatilia maelfu ya wakimbiaji na watembeaji. Waliotumia nguvu kiasi kilekile walipunguza kwa viwango vinavyokaribiana hatari ya presha, kisukari na kolesteroli kupanda.

Habari mbaya ni saa. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima apate kwa wiki angalau dakika 75 za mazoezi makali, au 150 za mazoezi ya wastani. Mtalaka ameokoa goti, muda atalipa.

Kutoka Magomeni analalamika mke wa mtu. Mumewe ameweka kwenye simu programu ya kuhesabu hatua, na saa tano usiku huzunguka kitanda mpaka isome 10,000. Hakuna anayelala.

Shangazi anaomba mume asomewe aya hii kwa sauti. Namba hiyo haikutoka hospitali. Mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni ya Kijapani ilianza kuuza kidude cha kuvaa kiunoni, ikakipa jina la manpo-kei, yaani kipima hatua elfu kumi. Jina likauza, na dunia nzima ikaligeuza amri. I-Min Lee wa Harvard na wenzake walipowafuatilia wanawake zaidi ya 16,000, wastani wa umri wao miaka 72, waliripoti mwaka 2019 kwamba waliotembea hatua 4,400 hivi kwa siku walikufa kwa kiwango kidogo kuliko wa 2,700. Nafuu iliendelea kukua hadi karibu hatua 7,500, hapo ikatulia. Kweli, hao walikuwa bibi, na vijana wanahitaji kuongeza kidogo. Lakini kitanda kiachwe.

Dereva wa daladala ya Mbagala anauliza kama ni kweli konda wake ndiye atakayemzika. Shangazi hapendi kutabiri misiba. Anachojua ni kwamba mwaka 1953 daktari Jerry Morris alichapisha utafiti wa mabasi ya ghorofa ya London: makonda, waliopanda na kushuka ngazi kutwa nzima, walipatwa na ugonjwa wa moyo kidogo kuliko madereva waliokaa kwenye usukani. Gari likisubiri foleni ya kupakia, dereva na ashuke alizunguke eneo lote la stendi.

Mwisho ni mwalimu wa Kimara. Kila akianza kutembea, mvua ya siku moja humvunja moyo, naye huahirisha mpaka mwaka mpya.

Huyu Shangazi anamkemea kwa upendo. Phillippa Lally na wenzake, London, waliripoti mwaka 2010 kwamba tabia mpya ilizoeleka kwa wastani wa siku 66 hivi. Kuna aliyehitaji 18 tu, na kuna aliyekadiriwa kuhitaji 254. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Zaidi ya hapo, kila mmoja aliifunga tabia yake kwenye jambo alilokuwa akilifanya kila siku, kama kifungua kinywa. Kwa hiyo mwalimu asitafute saa mpya ya alfajiri, maana hataipata. Jioni si hupanda mwendokasi? Ashuke kituo kimoja kabla ya chake, amalizie kwa miguu kando ya Barabara ya Morogoro, akikaza mwendo kiasi cha kuweza kuongea lakini asiweze kuimba. Mvua ikinyesha, apande hadi mwisho. Kesho yake ashuke tena. Na lile begi la madaftari ya kusahihisha aliache shuleni. Wanafunzi watavumilia.