Jinsi ya Kumkamata x Kabla Hajapanda Gari la Bunda

Ukikuta swali la hesabu lenye mistari mitatu ya maneno, usilisome. Okota tarakimu zilizomo uzijumlishe, zikikataa, zizidishe. Njia hii ina wafuasi wengi na haichoshi. Ila kama una tamaa ya alama, itabidi usome mpaka nukta ya mwisho, halafu urudie.

Chukua wachuuzi wa dagaa pale Mwigobero, Musoma. Wamekodi gari hadi Bunda kwa shilingi 120,000, wachangie sawasawa. Magunia yameshapakiwa, wawili wanakumbuka wana msiba. (Kila safari haikosi wawili wenye msiba.) Kila aliyebaki anaongeza 3,000. Walianza wangapi?

Mwanafunzi mwerevu ataanza kwa kumlaumu dereva. Wewe andika: "x ni idadi ya wachuuzi walioanza." Iandike hivyo kwa urefu, maana ukiandika "x ni wachuuzi", mbele ya safari hutajua tena kama ni watu, magunia au nauli. Mchango wa kwanza ni 120,000 kugawanya kwa x. Baada ya msiba ni 120,000 kugawanya kwa x − 2. Mchango wa pili ukiutoa wa kwanza, inabaki 3,000. Swali limeisha hapo; kilichobaki ni kibarua. Zidisha pande zote kwa x(x − 2), panga, utapata x² − 2x − 80 = 0. Kipeo cha pili hakikuletwa na mwalimu ili kukukomoa. Kimetokea pale x alipozidishwa na x − 2.

Majibu ni 10 na −8. Kumi walikuwa walipe 12,000. Wanane wakalipa 15,000. Wale wachuuzi hasi wanane waache Mwigobero, nauli hawana.

Butiama nayo ina fumbo lake. Inasimuliwa kwamba mwaka 1934 mtoto Nyerere alitembea maili 26, kama kilomita 42, kwenda kuanza shule Mwisenge, Musoma. Tuseme angeongeza kasi kwa kilomita moja kwa saa, angewahi kwa saa moja. Hapa x ni kasi yake kabla ya kuongeza: mlinganyo ni x(x + 1) = 42, kasi ni 6. Jibu la pili, −7, linamtaka atembee kinyumenyume, na si adabu kumtakia Mwalimu hivyo.

Ukifika sekondari, fanya hayo yote kwa Kiingereza. Dagaa ni wale wale na msiba ni ule ule, ila mtoto aliyejifunza kugawanya kwa Kiswahili sasa lazima kwanza agundue kwamba kuna waliojitoa. Nyerere huyo huyo alimtafsiri Julius Caesar wa Shakespeare mwaka 1963, Warumi wakasema Kiswahili. Wachuuzi wa Mwigobero bado wanasubiri mkalimani. Kwa hiyo liandike swali upya pembezoni mwa daftari, kwa lugha unayonunulia dagaa, ndipo umwite x. Mwalimu akipita, funika kwa kiganja.