Nani Nimemkanyaga Tena?

Jamani, hizi sheria za kucheza muziki ziligawiwa lini? Maana hapa Singida mjini naona kila mtu anazo isipokuwa mimi. Mpaka yule binti wa vocha anazo. Umechanga mchango wa sendofu kwa mbinde, umevaa koti la kuazima, umekula kuku wako wa kienyeji kwa amani, bado unaambiwa umemwomba mtu kucheza vibaya. Vibaya vipi? Nilimpigia mluzi. Kwani bodaboda mnaiitaje?

Eti mtu haitwi kwa mluzi. Unamfuata alipokaa. Kama kakaa na bwana wake unaanza na bwana: "Kaka, naomba nicheze na shemeji wimbo mmoja." Akiridhia ndiyo unamgeukia shemeji. Akisema miguu inamuuma, unasema pole, unarudi zako. Haya, nikasema pole. Nikarudi. Kiti hakijapata joto, ile miguu migonjwa inazunguka ukumbi mzima na jamaa mmoja mnunuzi wa vitunguu pale Misuna. Nikamfuata kumuuliza imepona saa ngapi. Wakanivuta shati. Na hilo nalo haliulizwi!

Halafu hao hao wanakwambia usile kitunguu kabla ya kucheza, unamtesa mwenzio. Mkoa mzima tunalima vitunguu, kachumbari tutie nini, kokoto? Uje na leso, ujifute jasho. Nimekuja na leso. Nikamfuta yeye. Kelele.

Mzee mmoja jirani yangu ndiyo kabisa. Huyo ukimgusa tu anaanza NUTA Jazz ya 1964, mpaka ikaja kuwa Msondo, anarukia Mlimani Park ya 1978 na Sikinde yao, na kwamba zamani kila bendi ilikuwa na mtindo wake na ukienda kucheza unajua unakwenda kucheza nini. Sasa mimi nilichotaka kwake ni chenji ya maji. Akanisimamisha pale dukani kunifundisha. Wimbo wa dansi, anasema, una sehemu mbili. Mwanzo waimbaji wanaimba, mnashikana taratibu, mkono mgongoni, usiteremke. Baadaye magitaa yanaanza kukimbizana, hilo ndilo chemko, hapo mnaachiana kila mtu ajimwage.

Sawa mzee. Ila nani atanishtua kwamba chemko limeingia? Kengele hakuna. Juzi nilikuwa nimemshika shangazi wa bibi harusi, mama wa watu kaja kutoka Kiomboi, mwili umejaa. Gita likabadilika. Yeye akaachia. Mimi nimeshika. Akarudi nyuma, nikaona kapotea, nikamvuta. Akarudi tena, nikamvuta tena, kwa huruma kabisa. Ukumbi unashangilia, najua wananishangilia mimi. Kumbe mume wake kasimama nyuma yangu muda mrefu tu, ananigusagusa bega kwa kidole kimoja.

Mpwa wangu anayesoma Dodoma akaniletea ushauri wa Marekani sasa, kwenye simu. Kuna ukumbi ulikuwa Harlem kule New York, Savoy, ulifunguliwa 1926, weusi kwa weupe wanacheza sakafu moja wakati kwingine wametengwa. Muziki wao swing. Mwaka 1935 bwana mmoja, Frankie Manning, kambeba mwenzake mgongoni kampindulia upande wa pili, miguu juu! Nikasema huyo ndiye mwanaume. Mpwa akashtuka. "Anko, hiyo ya mashindano. Kwenye dansi la watu wote hurushi mtu, utavunja pua za majirani." Kwani nani kasema namrusha mtu? Mimi gunia la alizeti lenyewe namlipa kijana anipandishie kwenye toroli.

Nikaona basi, kwaito ndiyo salama. Hushiki mtu, mnajipanga mistari, stepu zilezile, mnageuka pamoja. Wakageuka. Na mimi nikageuka. Nikajikuta uso kwa uso na mama mmoja wa kitenge, mkufu wake uko hapa, pua yangu ipo hapa. Tukaangaliana. Akaniambia polepole, "Baba, huko ni jikoni." Na yule mpiga video, ambaye tangu saa kumi na mbili napita mbele yake na koti hanioni, hapo ndipo kawasha taa.

Bado kutuza. Mwimbaji kamtaja baba Neema kwenye maiki, baba Neema ni mimi, utakaa? Nikainuka huku nayumbayumba kama wanavyotaka, nikambandika msimbazi kwenye paji la uso. Shangwe! Nikasubiri. Akaendelea kuimba. Nikamnong'oneza anirudishie buku nane. Maiki ikaipata yote.

Mama Neema tangu hapo anakaa meza ya ukoo wake, anasema mimi hanijui.

Sasa kwenye harusi ya Jumamosi iliyopita kamati ikanipa cheo. Nikae kitini, watu wakiinuka kucheza mimi nilinde mikoba. Nikashukuru, angalau mikoba haikanyagwi. Nimezungukwa na mikoba kila rangi. Mmoja ukaanza kuita. Ukakata. Ukaita tena. Sheria inasemaje hapo, jirani? Upokee, usipokee? Nikapokea, isije ikawa msiba. Sauti ya mwanaume: "Wewe nani?" Nikamjibu kistaarabu, mke wako yuko kwenye chemko, mimi nimebaki na vitu vyake. Kimya. Kisha akaniambia nisiondoke hapo, yuko Manyoni, anapanda gari.

Nikaagiza kuku mwingine.