Muulize Bi Samadi: Bogenvilia Yangu Inanidharau

Barua za wiki hii karibu zote zinahusu mimea miwili, bogenvilia na asumini. Wenye miembe isiyozaa watanisamehe. Mwembe una subira, utangoja.

*

*Shikamoo Bi Samadi. Nina bogenvilia niliyoipanda uani chini ya mwembe. Naimwagilia asubuhi na jioni, naiwekea samadi ya kuku kila mwezi, na nikiwa na nafasi naizungumzisha. Imenenepa, majani yake yanatisha, lakini ua hata moja sijaliona. Jirani yangu, mtu asiyejua hata mswaki wake uko wapi, alichomeka yake kwenye kifusi cha ukuta ulioanguka akaisahau. Leo imewaka hadi wapita njia wanasimama kupiga picha. Papo hapo asumini ya mke wangu, iliyo kwenye kopo la rangi juu ya saruji, inakauka. Mimi si mtu wa kushuku watu, ila huyu jirani huchoma ubani kila Alhamisi. Nifanyeje? – Mwenye Majani, Kigamboni*

Marahaba, mwanangu. Mwache jirani na ubani wake. Mchawi wa nyumba hiyo ni wewe na ndoo yako. Bogenvilia umeipa matunzo ya asumini, na asumini umeitupia matunzo ya bogenvilia. Mmoja kavimba, mwenzake kakonda.

Bogenvilia inataka jua la wazi, saa sita kwa siku au zaidi, udongo usiotuamisha maji, na mwenye nyumba mwenye shughuli nyingine. Mizizi yake ikilala kwenye tope huoza. Ikishiba naitrojeni, na samadi ya kuku imejaa naitrojeni, haina haja ya kuchanua: inarefusha matawi na kumwaga majani, kama ulivyoona. Kiangazi kikiibana kidogo ndipo rangi inapotoka. Kwa hiyo usimwagilie mpaka uone majani yameanza kulegea, kisha mpe maji mengi mara moja, na umwache tena.

Na hiyo rangi inayowasimamisha wapita njia si maua. Ni majani yaliyogeuka rangi, matatu matatu. Maua yenyewe ni vile vijimrija vyeupe vilivyojificha katikati, ambavyo hakuna anayevipiga picha. Kwa kuwa ni majani, hudumu mtini wiki kadhaa, na yakidondoka hupeperuka kama karatasi mpaka sebuleni kwa watu. Hilo jirani yako atalijua upepo ukigeuka.

Usiing'oe ili kuihamisha, maana mizizi yake ni myepesi kukatika na inaweza kukufia mikononi. Kata pingili za tawi lililokomaa, unene wa penseli, uzichomeke kwenye kichanga mwanzoni mwa masika, na mche ukishika uupeleke juani. Ile ya chini ya mwembe iachie kuku wapate kivuli. Samadi ni yao, wanastahili.

Sasa asumini ya watu. Kopo la rangi juani, juu ya saruji, linachemsha mizizi. Litoboe chini, au bora mmea uhamie kwenye chungu kikubwa zaidi chenye udongo tifutifu uliochanganywa na mboji, ukae upande unaopata jua la asubuhi na kivuli cha mchana. Usiufiche kabisa, kwenye giza utatoa majani matupu. Chovya kidole kwenye udongo. Kikitoka kikavu, mwagilia. Zile ndoo mbili za bogenvilia zimepata mwenyewe. Ukigeuza jani ukakuta inzi weupe, maji ya sabuni yanatosha. Na tafadhali, mwombe mkeo radhi kabla hujamwomba jirani.

*

*Bi Samadi, wezi wameturukia mara mbili. Mume wangu anataka kupanda asumini kuzunguka uzio kwa sababu "inatambaa vizuri". Wewe unasemaje? – Asiyelala, Tabata*

Asumini haina mwiba hata mmoja. Mwizi ataondoka na televisheni yenu akiwa ananukia. Pandeni bogenvilia, na muipunguze kila inapomaliza kuchanua, kwa sababu rangi hutoka kwenye machipukizi mapya. Wapogoaji wavae glavu nene. Mpira wa watoto utakaoangukia humo uhesabuni umekufa.

*

*Salaam aleikum Bi Samadi. Barazani kwetu wazee wawili hawasalimiani tangu Ijumaa. Mmoja anasema bogenvilia ni mmea wa pwani tangu enzi za mababu, asumini ndiyo imeletwa. Mwingine anasema kinyume. Kahawa ya mwezi mzima imewekewa dau. Tusaidie. – Katibu wa Baraza, Lamu*

Waaleikum salaam. Wote wawili walipe kahawa, maana mimea yote miwili ni wageni. Ila kati ya wageni hao kuna mkubwa na mdogo.

Asumini hii yetu asili yake ni Asia ya Kusini, upande wa Bara Hindi, na majahazi yalikuwa yakienda na kurudi huko kwa kaskazi na kusi karne nyingi kabla bogenvilia haijajulikana nje ya Amerika ya Kusini, kwao. Wazungu waliiokota Rio de Janeiro mwaka 1767, katika msafara wa baharia Mfaransa, Louis-Antoine de Bougainville, ambaye jina lake ndilo mnalolitamka mkigombana. Aliyeiandika ni mtaalamu wa mimea wa msafara, Philibert Commerson. Pembeni yake alikuwapo msaidizi mchapakazi aliyebeba vifaa na kukusanya mimea, kijana kwa mavazi, ila chini ya mavazi hayo alikuwa mwanamke, Jeanne Baret. Jeshi la majini la Ufaransa lilikataza wanawake melini. Leo anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza kuizunguka dunia, na mwenyewe Commerson alifia Morisi mwaka 1773, hapa hapa kwenye bahari yetu. Waambieni wazee: mzozo wao una kisa kizuri kuliko hoja zao.

*

*Shikamoo bibi. Mwanangu anaolewa baada ya mfungo. Baba yake kang'oa asumini ya dirishani akapanda bogenvilia, eti picha zitatoka vizuri. Vikuba nitavitungia nini? – Mama Bi Harusi, Unguja*

Marahaba mwanangu, na pole. Kikuba bila asumini ni rundo la majani. Unaweza kujaza rihani, mkadi, mawaridi na langilangi, lakini inayoingia chumbani mbele ya bi harusi ni harufu ya asumini. Bogenvilia hainukii chochote. Ukiitia kwenye kikuba, miiba itamkaribisha bwana harusi kabla yako.

Tafuta shoga au jirani mwenye mti uliokwishakomaa, kwa sababu kipandikizi cha leo hakitakuwahi. Mwambie aupunguze matawi sasa hivi, autie mboji na asiukose maji: asumini huchanua kwenye machipukizi mapya, na mti usioguswa mkasi hutoa maua machache ya huruma. Muulize pia ni wa aina gani. Ule wenye ua la safu moja huchanua kwa wingi; ule wenye ua lililojaa kama waridi dogo ni mzuri machoni lakini mvivu.

Siku yenyewe usichume yaliyofunguka. Chuma vitumba vilivyonona alasiri, vingali vimefumba, uvifunge kwenye kitambaa kibichi na utunge kabla ya magharibi. Vitafunguka usiku, vikiwa kifuani mwa mwenye shughuli. Ikifika asubuhi vinaanza kugeuka rangi, na kazi yake imekwisha. Hiyo bogenvilia msiing'oe, iende getini wageni wapigie picha, na baba yake asimame hapo hapo kuwapokea.

*

*Bi Samadi, naishi ghorofa ya nne, kibaraza kidogo, nasafiri kikazi wiki mbili mbili. Nataka mmea mmoja wa kumfurahisha mchumba. Upi? – Msafiri, Nairobi*

Bogenvilia. Chungu kikiibana mizizi, ndiyo kwanza inachanua, na ukirudi utaikuta hai. Asumini ukiiacha wiki mbili bila maji utarudi ukute kuni. Lakini kama mchumba huja jioni, nunua asumini, na umwachie ufunguo. Akiikuta imekufa nawe hupo, niandikie tena, ila barua hiyo utaituma kwa safu ya ndoa.