Kimanda na Washauri Wake

Katika maakuli yote yapikwayo pwani yetu, sikijui kingine kinachodharauliwa kuliko kimanda. Mtu asiyethubutu kuugusa wali wa nazi, asemaye waziwazi kwamba biriani ni kazi ya mafundi, na ambaye hata chai hupenda achemshiwe na mtu mwingine, ukimwuliza kama aweza kupika kimanda atakutazama kwa mshangao, kana kwamba umemwuliza kama aweza kupiga chafya. Dharau hii ndiyo asili ya vimanda vibaya vyote nilivyopata kula, na nimekula vingi: vilivyokauka hata vikahitaji maji ya kuviteremshia, vilivyolowa hata vikahitaji kijiko, na kimoja, katika hoteli ya njiani ambayo jina lake nalisitiri, kilichojumlisha sifa zote mbili, ukame juu na mafuriko chini.

Rai yangu, niliyoifikia baada ya tafakuri ndefu mbele ya jiko la mkaa, ni kwamba kimanda hakiharibiwi na ujinga bali huharibiwa na ushauri. Mchuzi waweza kuonjwa na wanawake watano, kila mmoja akaongeza chembe yake ya chumvi au tone lake la ndimu, na bado mwisho wake ukawa mtamu, kwa kuwa mchuzi una saa nzima ya kusahihishwa. Kimanda huzaliwa, hukua na hukamilika katika muda usiotimia dakika mbili, na muda huo hautoshi hata kwa salamu za watu wawili wa Tanga waliokutana njiani, seuze kwa mjadala.

Nyumbani kwetu, kwa bahati mbaya, mjadala haukosekani. Jumapili asubuhi, ambapo kwa desturi kikaango huwa mikononi mwangu, jikoni hukutana baraza zima: mke wangu, asiyekubali kwamba kimanda bila nyanya ni chakula cha halali; mama mkwe wangu, asiyekubali kwamba yai lolote duniani limepata kuiva; shemeji yangu, kaka wa mke wangu, aliyekuwa baharia na kufika bandari za Ulaya, na ambaye tangu arudi hana jambo asiloona kwamba huko hufanywa vingine; na mwanangu wa mwisho, ambaye kwake mayai yasiyo na chipsi ndani yake ni adhabu. Huyu wa mwisho simlaumu. Chipsi mayai ni chakula cha heshima chenye kanuni zake, na kijana akaaye barabarani usiku nyuma ya jiko lake, akiyamwaga mayai juu ya chipsi huku akihesabu chenji na kujibizana na wateja sita, ni fundi ambaye mimi siwezi kumfunza kitu. Ila hicho si kimanda, na mwanangu hataki kuelewa.

Matatizo yetu aghalabu huanzia kwenye mayai yenyewe. Ganda la yai, ijapokuwa kwa macho huonekana limezibwa kabisa, lina vitundu vidogo kwa maelfu, na kwa vitundu hivyo maji hutoka na hewa huingia siku hata siku, mpaka yai lililokaa sana likawa na chumba kikubwa cha hewa upande wake mnene. Ndiyo sababu yai jipya likitiwa katika bakuli la maji hulala chini kwa utulivu, lililokaa kidogo husimama wima, na lile ambalo halipaswi tena kuonana na binadamu huelea. Jaribio hili halina gharama wala taabu, walakini shemeji yangu huliona kuwa ni kuyavunjia mayai heshima. Yeye huyatikisa sikioni, amefumba macho, kwa taadhima ya tabibu anayesikiliza kifua cha waziri. Asubuhi moja, baada ya kuyasikiliza mayai matano na kuyatolea yote shahada ya uzima, aliyavunja moja kwa moja katika bakuli moja, na la tano likawa viza.

Harufu iliyotoka sina haja ya kuisifu. Yatosha kusema kwamba jirani yetu, ambaye ukuta wake na wetu ni mmoja, alibisha hodi akauliza kwa upole kama bomba la choo limepasuka, na mke wangu, kwa kuilinda heshima ya nyumba, akamjibu kwamba naam, limepasuka. Tangu siku ile kila yai kwetu huvunjwa kwanza katika kikombe, peke yake, likachunguzwa ndipo likaruhusiwa kuingia bakulini. Na jirani yule, Mola amjaze kheri, hajaacha kutuuliza kama fundi bomba amekwisha kuja.

Kadhia ya nyanya ni nyepesi zaidi, na ningeiamua zamani kama mlalamikaji asingekuwa mke wangu. Nyanya, kwa sehemu yake kubwa, ni maji. Ukiikatakata ikiwa mbichi, ukaichanganya na mayai pamoja na kitunguu na pilipili hoho, kisha ukanyunyiza chumvi, chumvi ile huyaita maji yote yaliyojificha humo, nayo hutoka yakasimama kikaangoni kama ziwa, na mayai huchemka badala ya kukaangika. Dawa yake ni kuviunguza kwanza vitunguu na nyanya katika mafuta kidogo, mpaka maji yakauke na harufu yake ibadilike, kisha uviweke kando katika kisahani, vingoje. Chumvi, nayo, ipigwe pamoja na mayai mapema, robo saa kabla ya kuyapika ikiwezekana, maana hapo huyalainisha. Mke wangu ameyasikia haya yote, ameyakubali yote, na Jumapili iliyofuata akatia nyanya mbichi nilipogeuka kuuchochea mkaa.

Lakini washitakiwa wakubwa ni moto na mama mkwe, na wote wawili hawajadiliwi. Ute wa yai huanza kuganda joto likipita kidogo nyuzi 60 za Selsiasi, na kiini hufuata kati ya nyuzi 65 na 70, yaani mbali sana na nyuzi 100 ambazo maji huchemka. Maana yake ni kwamba kikaango kinachotoa moshi kimekwisha kuyahukumu mayai kabla hayajafika, na yaliyozidi kupashwa moto hujikaza, yakabana, yakayakamua maji yaliyokuwa ndani yake, na hicho ndicho kiini cha siri ya kile kimanda cha hotelini kilichokuwa kikavu na chepechepe kwa wakati mmoja. Mwenye jiko la gesi hugeuza swichi, akapata ajitakialo. Mwenye mkaa hana swichi ila mkono wake, basi hukiinua kikaango kidogo, hukishusha, hukiinua tena, na wapitao dirishani hudhani anacheza ngoma ya watu wasiojulikana.

Mafuta nayo yana lugha yake. Siagi ina maji ndani yake, kiasi cha sehemu 16 katika kila 100, na ndiyo hayo yanayopiga kelele na kutoa povu ikiyeyuka. Kelele ikipungua, maji yamekwisha kutoka na wakati wa mayai umewadia. Usipowahi, ile chembe ya maziwa iliyobaki huanza kugeuka rangi ya hudhurungi, na punde huungua. Samli, ambayo mimi huipenda zaidi, maji yake yalikwisha kutolewa tangu ilipochujwa, kwa hiyo hukaa kimya, na humlazimu mpishi adondoshe tone la yai alitazame: likitulia hivyo hivyo, moto haujatosha, likirukaruka na kukunjana, umezidi, likiganda polepole na kutoa sauti ndogo, bismillahi.

Sasa, mama mkwe wangu ni mwanamke mwenye hekima katika mambo yote mengine. Yeye huketi juu ya mbuzi akikuna nazi ya mchana, mgongo wake umenielekea, na bila ya kugeuka husema, kwa sauti ya upole isiyojibika, “Mwanangu, hilo bado bichi.” Husema hivyo mayai yakiwa bado bakulini. Husema hivyo yakiwa yameiva. Kwa mujibu wa kanuni kimanda huepuliwa kingali kinang'aa juu, kwa sababu joto lililobaki ndani yake huendelea na kazi hadi kinapofika mezani. Nami ninapokiepua hapo yeye hugeuka, akanitazama kwa huruma ya mzazi aliyemwoza bintiye pasipostahili, na mimi, ambaye nimelelewa vema, hukirudisha jikoni. Hukirudisha mpaka kiwe cha rangi ya mbao. Hapo ndipo husema, “Haya, sasa watoto wanaweza kula.”

Siku ya msiba mkubwa, hata hivyo, mshitakiwa alikuwa shemeji. Alikuwa ametusimulia juu ya Bibi Annette Poulard, ambaye pamoja na mumewe alifungua nyumba ya wageni mwaka 1888 huko Mont-Saint-Michel, kisiwa cha pwani ya Normandy katika Ufaransa, na aliyewapikia wageni vimanda vinene vya povu katika kikaango chenye mpini mrefu juu ya moto wa kuni, hata sifa zake zikafika mbali. Habari hizi ni za kweli kabisa, na nyumba ile ingalipo. Ila shemeji alisahau mawili. La kwanza ni kwamba mayai yale hupigwa katika bakuli la shaba, na shaba huliimarisha povu, nasi bakuli letu ni la plastiki. La pili ni kwamba Bibi Poulard mwenyewe, alipoulizwa siri yake mwaka 1922, alijibu kwa barua fupi isiyo na siri yoyote: mayai mazuri, yapigwe vema, siagi nzuri, kisha yatikiswe bila kukoma. Hakutaja maziwa. Shemeji alitia kikombe kizima.

Aliyapiga kwa uma mpaka akabadili mkono, kisha mpaka akabadili mtu, na mwanangu akapiga kwa zamu yake huku akiuliza chipsi zitaingia lini. Povu liliumuka kikaangoni kwa fahari, nalo lilikuwa zuri, sitamnyima haki yake. Basi akatuita sote tuje tushuhudie. Mke wangu alikuwa uani akianua nguo, nami nilikuwa nimetumwa mkate, na povu la mayai halina adabu ya kumngojea mtu: tulipokusanyika lilikuwa limeshuka, limebaki duara jembamba lenye mikunjo, lililoelea juu ya maziwa. Hapo, ili kuinusuru heshima ya mabaharia wote, shemeji akatangaza kwamba huko Ulaya kimanda hugeuzwa hewani.

Kilipaa. Kwa dhati kilipaa vizuri, kikageuka mara moja kama ilivyokusudiwa, kisha kikaendelea na safari hata kikatua katika ungo wa nazi, mbele ya magoti ya mama mkwe wangu. Hakushtuka. Alikishika ukingo kwa vidole viwili, akakifunua, akakitazama upande wa chini, akasema, “Bado kibichi.”

Msomaji, kwa hiyo, nakusihi ukitaka kimanda kizuri ukipike peke yako. Mayai matatu yatosha kwa kikaango chenye upana wa shubiri moja. Yapige kwa uma hata ute na kiini visitambuane, wala usiendelee zaidi ya hapo. Tia samli, sikiliza, mimina, koroga upesi kwa nafasi ya kuhesabu kumi, acha kitulie, weka vitunguu vyako vilivyokwisha kuiva upande mmoja, kunja, epua kingali kinang'aa. Kile hapo hapo, hata kama utakula umesimama. Na kama una mama mkwe nyumbani, mpikie chake kwanza, kikauke kama apendavyo, mpelekee mwenyewe pamoja na chai na kipande kikubwa cha mkate. Kisha rudi jikoni, funga mlango, upike chako.