Sifa za Taa ya Upepo

Taa ya oili ikiwaka, dereva anapaki pembeni hapo hapo. Ya joto la injini nayo ina heshima zake. Lakini ile ya njano, yenye mchoro kama chungu na alama ya mshangao ndani yake, tunaitazama kama tunavyomtazama anayetudai: tumemwona, tunaangalia mbele. Mimi leo naisifu.

Nasaba yake si ya kubahatisha. Porsche 959 ilikuwa na mtambo wa kupima upepo wa matairi tangu 1986. Kisha matairi ya Firestone yakawa yanapasuka kwenye Ford Explorer, wakafa watu zaidi ya 200, na Bunge la Marekani likatunga sheria mwaka 2000. Kuanzia Septemba 2007 kila gari dogo jipya kule lilitakiwa kuwa na taa hii, na Ulaya ikaja kufuata. Taa ngapi kwenye dashibodi yako zimejadiliwa bungeni?

Tena ina subira. Kwa sheria ile ya Marekani, upepo unaweza kupungua kwa robo nzima kabla haijasema neno. Ukitakiwa kuweka PSI 32, inanyamaza mpaka 24. Ikishasema haitaji jina, kama mzee anayeingia sebuleni na kusema, “Humu ndani kuna mtu hajala,” kisha akaenda zake. Tairi lipi? Shuka upime yote manne.

Julai moja tulilala Njombe. Alfajiri nawasha gari, hiyo hapo. Jana yake mchana ilikuwa kimya. Mama watoto akasema ni baridi tu, na alikuwa sahihi kwa nusu: joto likishuka nyuzi tano au sita za Selsiasi, inapotea PSI moja hivi. Tulipofika Makambako matairi yamepata moto, taa imezima, nikapewa ushindi wa mezani. Ila baridi haikutoa upepo tairini. Ilimfichua mvivu ambaye hakuwa amepima kwa miezi mitatu. Kipimo halali ni kile cha asubuhi, gari halijatembea, na namba ya kujaza ni ile iliyobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva, si ile kubwa iliyoandikwa ubavuni mwa tairi.

Sifa yake kuu ni kuwapa mafundi ajira. Fundi pancha mmoja alitia chuma chake karibu na valvu bila kuuliza, nikasikia kitu kimelia ka! Akanionyesha kiganjani kipande cha plastiki nyeusi. “Bosi, hiki kidude wala hakina kazi. Gari linatembea tu.” Kilikuwa sensa (si ile ya watu na makazi), kinachokaa ndani ya rimu na kutuma habari kwa redio. Betri yake imefungiwa humo humo. Ikiisha, baada ya miaka mitano hadi kumi, unanunua sensa nzima. Gari langu lilikuja kutoka Uingereza likiwa tayari limekula miaka minane, kwa hiyo fundi alimuua mgonjwa.

Tangu siku hiyo taa ikabadili lugha. Kila nikiwasha gari inapepesa dakika nzima, ndipo inatulia ikiwa imewaka. Hapo haisemi upepo umepungua. Inasema yenyewe imepofuka. Nilijibu kwa kuibandika utepe mweusi wa fundi umeme. Usiku mwanga ulipenya pembeni, mstari mwembamba wa njano, nikaendesha nao hadi mwisho wa mwaka.

Nimeshanunua sensa nyingine, ikatambulishwa kwa kompyuta ya gari kwa mashine, na utepe nimeubandua. Sasa taa haiwaki, na hilo ndilo linaloninyima raha. Kwa hiyo kila asubuhi nafungua swichi, sipigi stata kwanza, nasubiri ijipime. Kile chungu kinawaka sekunde mbili tatu. Kinazima. Ndipo nawasha injini.