Hotuba ya Profesa wa Matumbo kwa Watu wa Goma

Ba mama, ba papa, vijana wa pikipiki, na ninyi mlioegesha chukudu, baiskeli zenu za mbao, mlangoni mkaziba njia: nyamazeni. Anayesimama mbele yenu ni Profesa wa Matumbo, cheo nilichojipa mwenyewe baada ya kutafuta mji mzima mtu anayestahili kunipa nikamkosa.

Nimekuja kuwaondolea ujinga mmoja. Mtu wa Goma akisokotwa na tumbo husema, "Niko na amiba." Anakwenda mtaa wa Birere, ananunua dawa ya Flagyl bila kupimwa, anameza, anapata nafuu siku mbili, kisha tumbo linarudi na gesi, choo kigumu leo, kesho maji. Anameza tena. Amiba, maskini, zimeshtakiwa kwa kesi nyingi ambazo hata hazikuwapo eneo la tukio!

Ugonjwa wenyewe mara nyingi ni utumbo mwepesi wa hasira. Mabingwa wa dunia waliuwekea vigezo mwaka 2016, bila kunialika: maumivu walau siku moja kwa wiki kwa miezi mitatu, yakiandamana na kwenda choo au na choo kubadilika. Ukiukagua utumbo huoni kidonda. Kosa liko kwenye mazungumzo. Utumbo una chembe za neva zaidi ya milioni 100, nazo hupashana habari na ubongo usiku na mchana. Kichwa kikiogopa, tumbo linajua kabla ya jirani.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ni hii: acheni wasiwasi. Mnao wa nini? Volkano ya Nyiragongo? Ilimwaga moto tarehe 17 Januari 2002, ukapita katikati ya mji mpaka Ziwa Kivu. Ikarudia tarehe 22 Mei 2021, siku chache baadaye mkaambiwa mhame, mkaelekea Sake na Gisenyi na magodoro kichwani. Ziwa lenyewe lina methani kilindini, lakini imelala. Mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 wakaingia mjini, benki zikafungwa, uwanja wa ndege nao. Mambo madogo! Mwenye nidhamu hufumba macho akawaza ukingo wa ziwa tulivu. Mama mmoja wa soko la Kituku alinijibu kwamba ukingoni mwa ziwa ndipo anapouzia samaki wa sambaza, na ndipo tumbo lake linapoanzia. Nilimwandika kwenye daftari la wabishi.

Dawa ya pili ni pumzi. Keti juu ya jiwe la volkano, hamtalikosa. Weka mkono kitovuni, vuta hewa polepole mpaka tumbo lisukume mkono huku kifua kimetulia, kisha itoe taratibu zaidi ya ulivyoivuta. Dakika chache kila siku, na baada ya hapo tembea kwa miguu. Kijana aliyetaka kujua kama afanye hivyo akiteremka na magunia ya makala kwenye chukudu nimemwomba atoke nje.

Chakula sasa. Wataalamu wa Monash, Australia, wameonyesha kwamba sukari fulani za maharagi, vitunguu na ngano huchachuka tumboni zikaleta gesi. Ziondoe wiki chache, kisha rudisha kimoja kimoja mpaka umkamate mkosaji. "Tukiondoa maharagi, Profesa, kwenye sahani kunabaki nini?" Swali hilo nililijibu kwa ukimya wa kitaaluma.

Mnauliza kuhusu vidonge vyangu vyeupe. Mwaka 2010 Ted Kaptchuk na wenzake, kule Marekani, waliwapa wagonjwa wa utumbo huu vidonge visivyo na dawa yoyote, wakawaambia hivyo waziwazi, na bado walipata nafuu kuliko wasiopewa kitu. Utafiti wangu unafanana na wao kabisa, isipokuwa mimi siwaambii.

Wewe papa wa nyuma, umesema damu kwenye choo? Na umekonda? Basi toka hapa uende hospitali leo hii. Na mwenye homa, mwenye kupungukiwa damu, anayeamshwa usiku na kuhara, na aliyeanza kuumwa uzeeni, mfuateni. Hao siwagusi, nina jina la kulinda.

Waliobaki, malipo ni pale mezani. Faranga napokea. Dola yenye mpasuko hata wa ncha ya sindano irudisheni mfukoni, maana noti kama hiyo hunitia wasiwasi, na choo cha ukumbi huu nimekuta kimefungwa.