Turubai Lina Wenyewe

Kila anayeguswa na koili ya bati anaulizia turubai. Niko bado getini Kilindini, tajiri anapiga simu: "Dereva, umefunika?" Wakala wa mzigo naye: mmefunika? Karani wa kiwanda kule Athi River, koili hata haijaonja lami, ashatuma ujumbe: hakikisheni mmefunika vizuri. Hajazaliwa wa kuniuliza kama nimefunga.

Nawaelewa, kwa shingo upande. Bati lililopakwa zinki likiingiwa na maji kati ya mikunjo, maji hayana pa kutokea wala hewa haipenyi, basi linaota unga mweupe na mnunuzi analikataa. Sawa, tufunike. Ila mimi sijaona turubai lililozuia tani 20 zisije mbele dereva anapokanyaga breki kwa sababu ya mbuzi wa Samburu. Kati ya koili na kisogo changu kuna kibati cha nyuma ya kebini, na kibati hicho taniboi wangu amekibonyeza kwa kuegemea tu.

Halafu kuna habari ya tundu. Koili ina tundu katikati, na inaweza kupakiwa tundu likitazama juu, mbele au ubavuni. Likitazama ubavuni, koili imesimama tayari kwa safari yake yenyewe, inangoja breki tu. Madereva wa Marekani upakiaji huo wanauita kujiua. Mimi nataka tundu litazame mbele, mbao nene ziibane huku na huku isibingirike, minyororo ipite ndani ya tundu, mmoja uvute mbele, mwingine uvute nyuma, na kila inapogusa ukingo wa bati pawekwe kipande cha tairi kuukuu. Mwenye kreni ana haraka zake: "Mzee, hiyo ni chuma, itaenda wapi?"

Itaenda wapi! Ndiyo maana nabishana naye na foleni yote inapiga honi.

Mizani ya Mariakani nayo ina lake. Mchele unautandaza trela zima, lakini koili uzito wote unakaa mahali pasipozidi upana wa kitanda. Ukiiweka nyuma kidogo, ekseli tatu za trela zinapita tani 24 zinazoruhusiwa. Ukiisogeza mbele, ekseli za kichwa ndizo zinazolia. Jumla yako iko sawa kabisa, na bado unaambiwa uegeshe pembeni. Uisogeze kwa nini? Kwa mabega?

Wamarekani hao hao sheria yao inataka uwezo wa minyororo yote kwa jumla usipungue nusu ya uzito wa mzigo, na kabla hujamaliza maili 50 usimame ukague upya. Maili 50 ni kama kilomita 80. Ukitoka Mombasa unakuwa unakaribia Mackinnon Road. Wenzangu wanasimama pale msikitini kwa Sayyid Baghali kuomba dua. Nami naomba, kisha nazunguka trela nikigonga kila mnyororo kwa nyundo. Uliokaza unalia, uliolegea unanung'unika, na kila safari haukosi mmoja wa kunung'unika.

Na turubai lenyewe, hilo mnalolipenda, linatuchongea. Tunalifunga huku hewa ya Mombasa imejaa unyevu, tunapanda nayo mpaka bara, usiku baridi ya Ukambani inaigeuza matone. Mvua haijanyesha hata tone na koili imelowa. Karani anafunua, anapitisha kidole, anakitazama, ananitazama mimi.

"Dereva, hamkufunika."

"Kaka, umelifunua wewe mwenyewe sasa hivi."

"Basi hamkufunika vizuri."

Akaandika kwenye karatasi, pesa ikakatwa kwenye safari yangu. Minyororo hakuitupia jicho. Mmoja ulikuwa na pingili iliyovutika hata imekuwa nyembamba katikati, nikaupiga picha nikamtumia tajiri, nikamwandikia kwa heshima zote kwamba tunahitaji mipya kabla ya kupakia tena. Akajibu upesi, jambo ambalo si kawaida yake: ameona, amesikitika, na fundi analeta kesho.

Fundi alikuja kweli. Kaleta turubai la pili.